Bima ya skuba: nani analipa boti, ambulensi na ndege ukiumia baharini

Watu wa Nairobi wakitaka kushuka Diani ama Watamu kupiga mbizi huuliza swali moja tu, "hii bima inakava skuba?", ajenti anajibu iko, pesa inatumwa, mambo yanaishia hapo. Sasa hiyo "iko" inaweza kuwa ni bili ya hospitali peke yake, na mtu akiumia mita 20 chini ya maji bili ya hospitali huwa ndiyo ya mwisho kufika. Kabla yake kuna boti ya kumtafuta, kuna ambulensi ya kumtoa ufukweni, na pengine kuna ndege. Hizo nani analipa?

Jibu fupi ni hili. Bima zilizotengenezwa hasa kwa wapiga mbizi nyingi hulipa usafiri wa dharura pamoja na matibabu ya chemba ya presha (chumba kilichofungwa ambamo mgonjwa anawekwa kwenye presha kubwa akivuta oksijeni), na baadhi huongeza utafutaji na uokoaji baharini. Bima za kawaida za safari na kava za kazini usizitegemee mpaka uone imeandikwa. Na hata pale imeandikwa kuna sharti watu hulipita mbio mbio na ndilo zito kuliko yote: kampuni ndiyo inapanga na kuidhinisha huo usafiri. Ukikodi ndege mwenyewe halafu ulete risiti baadaye wanaweza kukataa kulipa hata kama hali yako ilihitaji ndege kweli.

Twende polepole.

Hatua ya 1: kata safari ya mgonjwa vipande vipande

Kipande cha kwanza ni kutoka majini hadi nchi kavu. Umeibuka, mkondo umekubeba, boti haikuoni, watu wanaanza kukutafuta. Kwetu kuna Kenya Coast Guard iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini pale Mombasa kinaitwa RMRCC kilichoanza 2006, kuna askari wa KWS, lile shirika la wanyamapori, kwenye hifadhi za bahari kama Kisite, halafu kuna boti za klabu na za wavuvi wa hapo ambazo ndizo ziko karibu. Kwenye hati ya bima hii kazi yote inaitwa utafutaji na uokoaji na huwa na mstari wake peke yake, mara nyingi limiti yake ni ndogo kuliko ya matibabu, na ziko bima ambazo huo mstari haupo kabisa.

Kipande cha pili ni kutoka ufukweni hadi mahali unapoweza kutibiwa. Huu ndio usafiri wa kitabibu, iwe ni ambulensi ya barabara, helikopta ama ndege. Soma vizuri pale wameandika watakupeleka "hospitali ya karibu inayofaa", maana neno inayofaa linaamuliwa na daktari wao akiongea na daktari aliye na wewe, na kwa mtu mwenye bendsi, yaani ule ugonjwa wa mapovu ya nitrojeni mwilini, hospitali nzuri isiyo na uwezo wa chemba bado inaweza kuwa ni kituo tu cha njiani.

Kipande cha tatu ni kurudishwa nyumbani ukishatulia, na ndani yake kuna pia kusafirisha mwili. Najua hakuna mtu anapenda kusoma huo mstari akiwa anapanga likizo, lakini usome.

Halafu matibabu yenyewe. Matibabu ya kwanza ya bendsi kwenye chemba mara nyingi hufuata jedwali namba 6 la jeshi la majini la Marekani, ambapo mgonjwa anaingizwa kwenye presha sawa na ya mita 18 chini ya bahari, anavuta oksijeni kwa vipindi, na mzunguko mmoja unachukua saa 4 na dakika 45. Mtu akitoka hapo dalili hazijaisha anarudishwa siku inayofuata. Kwa hiyo kama hati inasema matibabu lakini haisemi chochote kuhusu chemba, uliza. Na uliza pia kama hiyo limiti wanayokutajia ni ya kila kipande ama ni mfuko mmoja, maana ndege ikishakula nusu ya mfuko chemba inabaki na nini?

Hatua ya 2: angalia ulicho nacho tayari

Kava ya kazini kwanza. Toa ile hati nzima, achana na kijikaratasi cha muhtasari ambacho HR hutuma kwa imeili, uende moja kwa moja kwenye sehemu ya vitu wasivyolipa. Hati nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kwa hiyo kwenye PDF tafuta maneno "hazardous", "scuba", "hyperbaric" na "evacuation". Kwenye kava nyingi skuba imewekwa kapu moja na parachuti na mbio za magari, michezo ya hatari, hailipwi.

Bima ya safari nayo ina mtego wake ambao unatukamata sisi wakaazi wa Kenya hasa. Ile uliyonunua kwa ajili ya viza ya Schengen, ile ya kima cha chini cha euro 30,000, inaanza kazi ukiwa nje ya nchi. Diani sio nje ya nchi. Nimeona watu wakibeba hiyo hati kwa simu kwenda Ukunda wakidhani wamejipanga, na hiyo karatasi haiwezi kuwasaidia hata kidogo. Kama unaenda Zanzibar ama Mafia hapo sawa inaweza kufanya kazi, bora skuba iwe imeongezwa. Na zile bima wageni wanatakiwa kununua ili waingie Zanzibar tangu Oktoba 2024, usichukulie kwamba zimemaliza maneno ya kupiga mbizi, zisome kama nyingine.

SHA, ile bima ya afya ya serikali, pia usiifanye ndio mpango wako wa chemba na ndege. Lipa, iwe sawa, lakini hii safari ipangie kando.

Halafu kuna uanachama wa Maisha wa AMREF Flying Doctors, hao watu wa ndege za wagonjwa pale uwanja wa Wilson ambao shirika lao lilianza 1957. Huu ni mzuri na bei yake mtu wa kawaida anaifikia, ila uelewe unachonunua: ni usafiri. Unakutoa ulipo unakufikisha hospitali, bili ya hospitali ni yako ama ya bima nyingine, na boti ya kukutafuta baharini haimo. Ukiwa nao pamoja na bima ya daivu umeziba mashimo mengi, ukiwa nao peke yake umeziba moja.

Upande wa bima za wapiga mbizi jina utakalolisikia kila mahali ni DAN, Divers Alert Network, ilianzia Marekani mwaka 1980 na sasa ina matawi kwa maeneo tofauti ya dunia. Kabla ya kulipa hakikisha ni tawi gani linamchukua mkaazi wa Kenya. Kwa DAN ya Marekani uanachama ndio wenye usafiri wa dharura na bima ya ajali ya daivu ni kitu kingine unachonunua juu yake, watu hulipa uanachama wakidhani wamelipia vyote. Na huo usafiri wa uanachama ni wa mtu aliye mbali na kwake, kuna umbali umewekwa. Zuri ni kwamba simu yao ya dharura, +1 919 684 9111, inashauri mpiga mbizi yeyote saa 24, awe mwanachama ama asiwe.

Hatua ya 3: masharti yanayoweza kukufungia mlango

Kina. Hili ndilo la kwanza. Cheti cha Open Water kinakupa mita 18, Advanced mita 30, na mwisho wa kupiga mbizi kwa burudani ni mita 40. Bima nyingi zinasema zitalipa ukiwa ndani ya cheti chako. Sasa chukua ile meli ya MV Dania iliyozamishwa Mombasa mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Imelala mchangani kwenye kina cha karibu mita 30. Wewe una Open Water, kiongozi wa daivu anakwambia twende tu, tutakaa juu juu ya sitaha, halafu unaona kasa mkubwa ametulia chini kule karibu na mchanga na unamfuata. Kompyuta ya mkononi, ile ya kurekodi kina na muda wa daivu, inaandika mita 27. Ikitokea shida siku hiyo, hiyo kompyuta ndiyo ushahidi, na haidanganyi. Kama unataka kuona Dania yote fanya Advanced kwanza, ni masomo ya siku chache na inakulinda majini na kwa karatasi pia.

Mengine nayataja haraka: kupiga mbizi peke yako, kulewa, kuficha ugonjwa kwenye fomu ya afya (pumu, moyo, kifafa, dawa za presha), kufanya kazi kama kiongozi wa daivu ukiwa na bima ya burudani, na kuruka na ndege kabla ya muda. Wale wa kujaribu mara ya kwanza bila cheti, ile ya mita 12 na mwalimu, waulize maana bima nyingine inawachukua na nyingine hapana.

Hatua ya 4: kumbuka Nairobi iko juu

Hii naomba uisome hata kama utaruka hatua zingine zote.

Nitrojeni uliyovuta chini ya maji inatoka mwilini polepole baada ya daivu. Ukienda mahali ambapo presha ya hewa ni ndogo, yaani juu, mapovu yanapanuka. Ndiyo maana tunaambiwa tusipande ndege mpaka angalau saa 12 zipite baada ya daivu moja ya kawaida, saa 18 kama ulipiga nyingi ama siku kadhaa mfululizo, na zaidi ya hapo kabisa kama ilikuwa daivu ya kusimama njiani kutoa presha. Hayo masaa yamewekwa kwa urefu wa kuanzia kama mita 610 hadi 2,400 hivi. Nairobi ni karibu mita 1,700. Umeona? Nyumbani kwako tu, ukiwa umekaa kwa kochi South B, uko ndani ya hicho kiwango. Treni ya SGR kutoka Mombasa inakufikisha Syokimau kwa saa tano ama sita, inapanda kutoka Voi kwenda juu na ukifika Emali umeshapita mita 1,000, kwa hiyo ile tabia ya kupiga daivu ya mwisho Jumapili asubuhi na kudandia treni ya alasiri sio salama, hata kama ndege haihusiki mahali popote.

Na hii inagusaje bima? Inagusa sana. Mipango mingi ya kutoa wagonjwa pwani imejengwa kwa wazo kwamba mgonjwa mahututi analetwa Nairobi, ndiko hospitali kubwa ziko, na kwa mtu aliyevunjika mguu ama mwenye shida ya moyo hiyo ni sawa kabisa. Kwa mtu mwenye bendsi kumpandisha mita 1,700 kabla ya chemba kunaweza kumzidishia. Akisafirishwa kwa ndege inatakiwa ndege iliyofungwa presha ya usawa wa bahari, ama helikopta inayokaa chini, chini ya mita 300 hivi. Kwa hiyo maswali yako kwa kampuni ni haya: mtanipeleka wapi nikipata bendsi Diani? Mnajua chemba gani inafanya kazi leo? Ndege mnayotumia inaweza kushikilia presha ya usawa wa bahari? Mtalipa kunipeleka kwenye chemba nje ya Kenya kama ya hapa haiko tayari?

Chemba inayotajwa pwani kwetu ni ya jeshi la wanamaji, Mtongwe. Mtongwe iko upande wa kusini, upande wa Likoni, kwa hiyo kutoka Diani huvuki feri, lakini kutoka Watamu ama Malindi unapita Mombasa yote kwanza. Chemba kuwepo na chemba kuwa na mafundi na daktari saa hiyo ni mambo mawili, usimpakie mtu kwa gari ukampeleka moja kwa moja bila kupiga simu.

Hatua ya 5: uliza kwa maandishi, na ukatae jibu la neno moja

Maongezi na ajenti huwa hivi:

"Boss, hiyo kava iko na skuba?"
"Iko kaka, usijali."
"Niko Open Water. Nikiumia mita 18 Diani nani analipa boti ya kunitafuta, nani analipa ambulensi, na nani analipa chemba?"
"Wacha niulize ofisi."

Hapo ndipo bima yako inaanza. Mwache aulize. Halafu mwambie, kwa heshima tu, "asante sana, naomba unitumie kwa imeili, na unionyeshe namba ya kipengele kwenye hati." Akikutumia voice note ya WhatsApp haitoshi. Akisema kila mtu ananunua hii na hakuna amelalamika, nunua kwingine. Ajenti mzuri hakasiriki na haya maswali, wapo ambao wanakujibu siku hiyo hiyo na ukurasa umewekwa alama.

Uliza pia kama wanalipa hospitali na ndege moja kwa moja ama ni wewe unalipa kwanza wakurudishie. Kama ni ya kurudishiwa, jiulize pesa itatoka wapi usiku huo. M-Pesa inatuma 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, na ndege ya wagonjwa inaweza kupita hapo kabla hujafika hospitali. Na kuna zile pesa unazotoa mwenyewe kabla bima haijaanza, uliza ni ngapi na kama ni kwa kila klemu, yaani kila dai.

Hatua ya 6: kabla boti haijang'oa nanga

Piga picha ya kadi ya bima na namba ya dharura uache kwa mtu Nairobi, na nyingine iwe kwa simu ya mwenzako wa daivu. Simu yako itakuwa kwenye begi lililolowa, ama imezimika.

Halafu uliza klabu mambo ya oksijeni. Uombe kuuona mtungi kwa macho. Kuna mitungi midogo yenye kama lita 600 za oksijeni, na mgonjwa wa bendsi anatakiwa kupewa oksijeni safi kwa wingi, ukifungua lita 15 kwa dakika hiyo ni dakika 40 imeisha. Kutoka mwamba wa mbali hadi ufukweni, halafu hadi hospitali, dakika 40 zinatosha? Klabu nzuri itakujibu bila kukunja uso, itakuonyesha na barakoa, na itakwambia ni nani kati yao amesomea kuitumia. Hakuna bima inayolipa oksijeni ambayo haikuwa kwenye boti.

Hatua ya 7: ikitokea

Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi ama kuwashwa washwa, madoa kwenye ngozi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, miguu kulegea, mkojo kukataa kutoka. Zinaweza kuanza ndani ya dakika, nyingi ndani ya saa chache, na wakati mwingine ni kesho yake. Usingoje ziishe zenyewe. Wengi hujiambia ni kubeba mitungi tu.

Mpe oksijeni kwanza, mlaze chali, maji anywe kama yuko macho na hatapiki. Usimrudishe chini ya maji kujaribu kumtibu. Wakati mmoja anamshughulikia mwingine apige simu ya bima, sio baadaye hospitalini, hapo hapo. Watajie: jina, namba ya bima, mko wapi, alifika mita ngapi, alikaa dakika ngapi, aliibuka saa ngapi, dalili zilianza saa ngapi, oksijeni imeanza saa ngapi. Na uwaambie wazi ni mpiga mbizi na msafirishaji asimpandishe juu bila daktari wa daivu kukubali. Uliza jina la unayeongea naye na namba ya kesi.

Kama hali ni mbaya na simu haishikwi, mpeleke hospitali ya karibu kwa barabara, mwendelee kupiga mkiwa njiani. Sharti la kuidhinisha lisimfanye mtu akae ufukweni akingoja. Hati nyingi zina nafasi ya dharura, cha muhimu ni waarifiwe mapema mnavyoweza, na rekodi ya simu mlizopiga msiifute.

Hatua ya 8: makaratasi

Kompyuta ya daivu usiiguse wala kuibadilisha betri, mwambie klabu aipakue data. Weka risiti zote hata ya teksi, ripoti ya daktari yenye saa ya kuingia, cheti cha kupiga mbizi, fomu uliyosaini klabuni, na maelezo mafupi ya mwenzako aliyekuwa na wewe majini akiyaandika siku hiyo hiyo. Angalia muda wa kuwasilisha klemu, nyingine ni siku chache tu. Wakikataa, omba sababu kwa barua na namba ya kipengele wanachokitegemea, jibu kwa ile imeili ya ajenti uliyotunza tangu hatua ya 5, na kama kampuni imesajiliwa Kenya na bado hamwelewani, peleka malalamiko IRA, Mamlaka ya Kusimamia Bima. Ambatanisha nakala za kila kitu, zile karatasi za asili ubaki nazo wewe.